Pijo 504 linachemsha kwenye foleni: nifunge feni ya umeme ipi?

#1 PijoLaMzee
Wakuu, habari za jioni.

Nina Pijo 504 GL ya 1979, petroli, karbureta, injini ya sisii 1971. Lilikuwa la mzee, alilitoa Nairobi likiwa jipya akavuka nalo Namanga mwaka huohuo. Sasa ni langu na sitaki kuliuza, kwa hiyo wale wa "nunua IST" mniache kwanza.

Shida ni hii. Nikienda Bagamoyo mshale wa joto hauchezi kabisa. Nikiingia foleni ya Kimara kushuka Ubungo, dakika kumi tu unaanza kupanda, dakika ishirini nazima AC ambayo sina na kuanza kusali. Feni yake ya asili ni ya belti, inazunguka lakini kivivu. Fundi mmoja ananiambia tung'oe, tufunge feni mbili za umeme za Corolla. Mwingine anasema moja kubwa ya inchi 16. Wa tatu anasema feni ikae mbele ya rejeta isukume upepo.

Alteneta imeandikwa ampia 40. Mwenye uzoefu aseme.

#2 Mzee wa Dampo
Nunua IST.

#3 Fundi Kidevu
Kabla hujanunua feni yoyote, kanuni ya zamani: gari likichemsha kwenye mwendo wa 80, usiilaumu feni, maana hapo upepo wa barabara peke yake unatosha. Angalia rejeta, mpira wa chini kama unanyonywa na kubanana, taimingi (wakati wa plagi kuchoma) kama imechelewa. Likichemsha kwenye foleni na barabarani linatulia, hapo ni upepo. Yako ni ya upepo.

Mimi nimefunga za umeme nyingi. Ya kuvuta ndiyo bora, ikae nyuma ya rejeta upande wa injini. Ya kusukuma unaiweka mbele pale tu nafasi ya nyuma haipo, kwa sababu mota na mapanga yake vinaziba upepo wa barabara muda wote ambao haifanyi kazi. Mtu anatibu foleni anapata ugonjwa wa highway.

#4 binti_umeme
Naungana na #3 ila umesahau kava. Feni ya duara ikifungwa wazi kwenye rejeta ya mstatili inavuta upepo kwenye duara lake tu, pembe zote nne zinalala. Kava iwe ya boksi, ifunike rejeta nzima, mapanga yawe yameachana na nyavu walau sentimita chache. Za Corolla used zinapendwa kwa sababu zinakuja na kava lake. Upime tu upana, usibebe kwa macho.

Halafu usidanganyike na namba za upepo zilizoandikwa kwenye boksi za feni za duka. Hizo wanapima feni ikiwa peke yake hewani, hakuna rejeta mbele. Uliza inakula ampia ngapi. Feni ya ampia 7 haiwezi kuvuta kama ya ampia 18 hata boksi liseme nini.

#5 Kamau wa Naivasha
Salamu kutoka huku juu. Ndugu PijoLaMzee, ngoja kwanza. Umesema feni inazunguka kivivu. Ukikunja gazeti ukaligusisha kwenye mapanga injini ikiwa moto, inasimama?

#6 PijoLaMzee
@Kamau wa Naivasha inasimama mkuu, tena bila ubishi. Ndiyo maana nasema imechoka.

#7 Kamau wa Naivasha
Haijachoka. Hiyo feni ni ya sumaku. Pijo walikuwa na huo ujanja hata kwenye 404: puli ya wota pampu inazunguka wakati wote, lakini feni imekaa kwenye beringi yake, inaburutwa kidogo tu. Maji yakipata moto, swichi iliyoko kwenye rejeta inapeleka umeme kwenye koili ndani ya puli, sumaku inalidaka bamba la feni, zinazunguka pamoja. Yakipoa inaachia. Ukifanya feni izunguke bure asubuhi unakula mafuta na injini haipati moto haraka, ndiyo sababu yao.

Umeme unaingia kwa brashi moja ya kaboni, kama ya stata lakini ndogo. Ikiisha, hakuna feni. Na bamba lina skrubu tatu za kurekebisha mwanya, ambao ni mdogo, chini ya nusu milimita. Mwanya ukizidi, sumaku inavuta hewa tupu. Tafuta waya mmoja unaokwenda karibu na wota pampu.

Za station wagon zilizokuwa zinabeba abiria huku, wengi walikaza zile skrubu feni ishike moja kwa moja. Ilikuwa inapiga kelele kama ndege ya mahindi lakini Mai Mahiu wanapanda.

#8 PijoLaMzee
Kuna kijiwaya kimening'inia pale miaka yote. Nimekifunga na gundi ya umeme mwenyewe nikidhani ni cha redio.

#9 Mzee wa Dampo
😂😂😂 Cha redio! Karibu na wota pampu!

#10 Sauti ya Tanga
Pijo ni chuma. 504 ilishinda Safari Rally 1966 na 1967 na Mtanzania akiwa usukani, Shankland. Hao walikuwa hawaulizi feni ya umeme.

#11 Msomaji Kimya
@Sauti ya Tanga rekebisha kidogo. 504 imetoka 1968, haiwezi kushinda 1966. Shankland alishinda miaka hiyo miwili na 404. Ya 504 ni 1975 na Ove Andersson, halafu 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 kupe ya V6.

Na nikiwa hapohapo, PijoLaMzee, mzee alivukaje Namanga 1979? Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa 1977 ukafunguliwa 1983.

#12 PijoLaMzee
Nimempigia mama. Anasema mzee alilinunua kwa Mhindi mmoja Nairobi likiwa limeshatumika, 1985. Hadithi ya jipya alikuwa anatupa sisi watoto. Asante kwa kuniharibia urithi.

#13 binti_umeme
Tukirudi kwenye feni. Hata kama sumaku itapona, hesabu ya umeme uijue, maana wengi wanafunga feni kubwa halafu wanalalamika betri.

Usiku kwenye foleni, mvua inanyesha: taa mbili za mbele za wati 55 ni kama ampia 9. Koili ya moto 4. Waipa 4. Taa ndogo na za nyuma 3. Feni ya inchi 16 iwe 18. Jumla 38. Utasema alteneta ni ya 40, imetosha. Haijatosha. Hiyo 40 ni injini ikiwa kwenye mzunguko mkubwa. Ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta) unapata nusu au pungufu, na foleni ndiyo sailensa yenyewe. Kinachobaki kinatoka kwenye betri. Na feni ikiwa inaanza kuzunguka inachota mara mbili mpaka tatu ya kawaida yake kwa sekunde moja, ndiyo maana fyuzi ya 20 inakatika na watu wanaweka waya wa shaba badala yake. Usifanye hivyo. Fyuzi ya ampia 30, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya 40, waya milimita 4 za mraba kutoka betri.

Rilei: mguu 30 kutoka betri kupitia fyuzi, 87 kwenda feni, 86 kutoka swichi ya ufunguo, 85 kwenda swichi ya joto ambayo inagusa bodi. Na ethi ya feni (waya wake hasi) ipeleke mpaka kwenye betri, usiishikize kwenye bati la bodi lenye kutu la 1979. Nilipima moja wiki iliyopita: betri volti 13.6, kwenye plagi ya feni 10.9. Mwenyewe alikuwa ameshanunua feni ya pili.

#14 Shangazi Morris
Mie niko Mombasa, nina Morris Minor, na nyinyi mnaongelea ampia 40 kama mnaongelea maji. Dainamo yangu ni ya ampia 22, basi.

Na ningependa kuwapa mkasa. Hizi Morris za zamani betri chanya ndiyo inashikizwa kwenye bodi, kinyume na magari yenu. Fundi kijana akanifungia feni ya umeme, nyekundu kwenye waya wa moto, nyeusi kwenye bodi, kama alivyozoea. Ikawaka vizuri, sauti tamu. Gari likachemsha kuliko awali. Wiki mbili tunabadilisha mfuniko, themostati, mipira. Siku moja nimesimama mbele ya grili nasikia upepo wa moto unanipiga kwenye buibui. Feni ilikuwa inazunguka kinyume, inatoa upepo mbele wakati gari likienda unaingia kutoka mbele. Zinapigana.

#15 Fundi Kidevu
@Shangazi Morris hiyo kali. Na wengine waongeze: kugeuza waya tu hakutoshi kubadili feni ya kuvuta iwe ya kusukuma. Mapanga yana mkunjo. Zile zinazoruhusu, unageuza na mapanga pia, vinginevyo inazunguka upande unaotaka lakini nguvu imepungua.

Mimi ushauri wangu kwa Pijo bado uleule: toa themostati kwanza (kile kizibo kinachozuia maji mpaka yapate moto), hii ni Dar, baridi ya kuitaka injini ipate moto iko wapi?

#16 Msomaji Kimya
Hapo nakupinga, mkuu. Themostati ikitolewa maji yanapita muda wote, hakuna kinachoyapeleka kwa mpangilio, injini inakaa baridi barabarani, mafuta yanaliwa, oili inapata uchafu, halafu kwenye foleni hakuna faida yoyote kwa sababu themostati nzima pale ingekuwa imeshafunguka. Inafunguka kwenye 82 au hapo karibu. Swichi ya feni iwe juu ya hapo, zile zilizoandikwa 92/87 zinafaa: inawasha 92, inazima 87. Ukiweka swichi ya 80 na themostati ya 82, feni haitazima hata siku moja.

#17 Fundi Kidevu
Gari ngapi umefungua wewe? Mimi nimezitoa zaidi ya mia, hakuna aliyerudi.

#18 Mzee wa Dampo
Hawarudi kwa sababu gasketi imeungua wako kwa fundi mwingine.

#19 Dereva wa Iringa
Mnasahau hali moja. Mlima Kitonga. Umepakia, uko gia ya pili, mbele kuna semi linatambaa, kilomita kumi kwa saa, jua la saa nane. Pale si foleni na si mwendo. Injini inafanya kazi yote na upepo wa barabara haupo. Niliwahi kufunga feni ya umeme ya inchi 14 kwenye 504 pickup nikaiona dunia, nikasimama mara tatu kwenye kona. Nikarudisha ya belti. Ya belti kadiri unavyokanyaga ndivyo inavyozunguka, ya umeme ina mwendo mmoja.

Kwa Dar peke yake fungeni umeme. Kwa anayepanda milima na mzigo, ya belti.

#20 Mbongo Ohio
Wakuu, huku Marekani watu wa magari ya zamani wanachukua feni ya Ford Taurus kwenye dampo za magari, ile ya injini ya 3.8. Ina kava lake na spidi mbili. Spidi ya juu inakula zaidi ya ampia 30, inavuta mpaka kofia. Ila alteneta ya 40 itakulilia, lazima ubadili na alteneta pia. Nyaya za kawaida zinayeyuka, rilei za bei rahisi zinanata feni inabaki inazunguka usiku kucha.

Jibu kwa #19: inchi 14 ya duka bila kava ni ya mapambo. Umeihukumu feni ya umeme kwa kosa la feni ndogo.

#21 Dereva wa Iringa
Njoo Kitonga na hiyo Taurus tukuone.

#22 KobeHanaShida
Nasoma huu uzi huku nakunywa chai. Volkswagen yangu ya Beetle haina rejeta. Haina maji. Haina mpira wa chini. Endeleeni.

#23 Shangazi Morris
Haina na breki, nakumbuka ya kaka yangu.

#24 Kamau wa Naivasha
Kitu kingine kwa watu wa pwani na watu wa bara. Huku Nairobi tuko kama mita 1,800 juu ya bahari, maji wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Hewa nayo ni nyepesi, feni ileile inasukuma hewa chache. Kwa hiyo mtu wa Dar akisema "feni ya Corolla inatosha" asimwambie hivyo mtu wa Limuru. Mfuniko wa rejeta ndio mwokozi: wa presha ya psi 7 unaongeza karibu nyuzi 11 kabla maji hayajachemka. Mfuniko ukiwa umekufa springi, mnanunua feni bure.

#25 MamaWawili
Naomba niulize: feni iendelee kuzunguka baada ya kuzima gari au izime na ufunguo? Corona yangu inaendelea, watoto wanadhani ina jini.

#26 binti_umeme
Iunganishe kwenye ufunguo izime. Injini ikizimwa wota pampu imesimama, feni inapoza maji yaliyoko kwenye rejeta tu, ya kwenye hedi ya injini yanabaki palepale. Unamaliza betri.

#27 Fundi Kidevu
Nakataa. Maji ya moto yanapanda yenyewe na ya baridi yanashuka, kidogo lakini yanatembea. Na boneti linapoa, karbureta haichemshi petroli. Wenye karbureta wanajua: unazima dukani dakika tano, ukirudi halitaki kuwaka. Iache izunguke dakika mbili.

#28 binti_umeme
Karbureta nakubali. Maji sikubali.

#29 Ndama wa Moshi
Tahadhari kwa atakayefunga: usitumie vile vipini vya plastiki vinavyopita katikati ya nyavu za rejeta. Vinakuja bure ndani ya boksi na vina bei kubwa. Nilifunga kwenye Datsun, mtikisiko wa barabara ya vumbi ukavisugua kwenye mrija, miezi minne nikaona tone la kijani chini. Rejeta ya shaba, ya zamani, fundi akachomelea lehemu mara tatu. Tengeneza vyuma vya pembeni, feni ishikwe na fremu.

#30 PijoLaMzee
Mrejesho wakuu.

Jumamosi nimechukua waya kutoka betri chanya nikaugusisha kwenye kile kijiwaya "cha redio". Ikalia *tak!* kwenye puli. Nikawasha gari, feni imeshika, gazeti la Mwananchi limekatwa vipande viwili. Kamau, nikija Naivasha soda ni yangu.

Brashi ilikuwa imebaki kama punje ya mchele, nimeweka ya stata ya pikipiki nimeisugua kwa msasa ikaingia. Swichi ya kwenye rejeta imekufa kabisa, kwa sasa nimeweka swichi ya mkono kwenye dashibodi.

Siku mbili foleni poa. Siku ya tatu, Jumanne jioni, Kimara mwisho mpaka Ubungo kwa muda wa saa moja na nusu, mshale ukapanda tena. Si kama zamani, lakini ulipita nusu. Feni imeshika, nimehakikisha.

Nikaazima kipimajoto cha bunduki kwa dada yangu wa zahanati, kile cha kipaji cha uso cha kipindi cha korona. Kila nikielekeza kwenye rejeta kinaandika HI. Nikajua kinanisalimia. Kumbe mwisho wake ni nyuzi arobaini na kitu. Nikatumia mkono kwa haraka: juu ya rejeta hapashikiki, chini upande wa kushoto panashikika kabisa.

#31 Msomaji Kimya
Upande wa chini baridi wakati juu panaunguza: mirija ya hapo imeziba, maji hayapiti. Unaongeza maji gani?

#32 PijoLaMzee
Ya kisima. Kimara mkuu, ya bomba yanakuja yakijisikia.

#33 Msomaji Kimya
Chumvi. Birika lako la chai likoje ndani? Hivyohivyo.

#34 Mbongo Ohio
Au baridi hiyo ni ya kawaida tu, maji yanaingia juu ya moto yanatoka chini yamepoa, ndiyo kazi ya rejeta. Mkono hauthibitishi. Mimi bado naona feni ya belti kwenye sailensa haina mzunguko wa kutosha hata sumaku ikishika. Puli inazunguka taratibu. Feni ya umeme ingekuwa kwenye kasi yake yote hapo Kimara.

#35 Msomaji Kimya
Ingekuwa ya kawaida, upande wa kulia chini nao ungepoa. Amesema kushoto.

#36 Fundi Kidevu
Taimingi hujaangalia. Nilisema #3. Kwanza ungetoa themostati…

#37 Dereva wa Iringa
Mwanya wa zile skrubu tatu umepima au umekisia? Sumaku ikishika nusunusu inateleza ikipata moto. Ndiyo maana siku mbili poa, ya tatu hapana.

#38 PijoLaMzee
Nimekisia. Kwa kipande cha kadi ya vocha.

Mpango: Jumamosi navua rejeta naipeleka kwa mtu wa lehemu Gerezani aivue tangi la juu tuone mirija. Mwanya nitapima kwa fila geji (vibamba vya kupimia mwanya). Feni ya Corolla nimeshaiona, muuzaji ananishikia mpaka mwisho wa wiki, kava lake limepungua sentimita tatu tu kwa upana.

#39 binti_umeme
Sentimita tatu unazifunika kwa bati. Usisahau fyuzi.

#40 Ndama wa Moshi
Samahani kuingilia, Datsun 120Y inayowaka asubuhi vizuri ila mchana hadi isukumwe, nifungue uzi mpya au niulize hapahapa?

#41 Mzee wa Dampo
Nunua IST.

Na wewe PijoLaMzee, kile kipimajoto kifute grisi kabla ya kukirudisha zahanati.